Mwongozo kamili: kutengeneza herufi na nembo za seti ya anga kwa mtindo wa televisheni ya miaka ya 1960 na 1970

Tazama tena tamthilia yoyote ya anga ya miaka hiyo. Kuta ni plaiwudi iliyopakwa rangi, mitambo ni taa zinazowaka na kuzimika bila sababu yoyote, na mwamba wa sayari ngeni unabonyea mwigizaji akiuegemea. Hata hivyo unaamini kwamba uko ndani ya chombo cha anga. Kinachokuaminisha mara nyingi ni vitu vya bei ndogo kuliko vyote mle ndani: maandishi ya mlangoni, namba ya ubavuni, beji ya kifuani. Vitu hivyo vinakwambia kwamba mahali hapa pana mwenyewe, pana sheria, na pana mtu aliyekaa ofisini akaidhinisha kibao.

Mwongozo huu ni kwa anayetaka kujenga seti ndogo: filamu fupi, mchezo wa jukwaani, video ya muziki, au kona ya kupigia picha. Nimechukulia kwamba una kompyuta yenye Inkscape, programu ya kuchorea isiyolipiwa, na kwamba mjini kwenu kuna duka la kukata stika na fundi wa kudarizi.

Hatua ya kwanza: amua nani aliyeagiza kibao

Kabla hujachagua herufi hata moja, andika kwenye karatasi majibu ya maswali matatu. Mahali hapa ni pa nani? Nani anatoa amri? Kibao kinamsemesha nani: mwenyeji anayejua njia, au mgeni aliyepotea? Kampuni ya madini haiandiki kama jeshi, na hospitali ya mwezini haiandiki kama gereza. Ukiruka hatua hii utaishia kuchagua fonti kwa sababu "inaonekana ya anga", na seti yako itafanana na tangazo la duka la simu.

Mfano bora ninaoujua ni The Prisoner, tamthilia ya Uingereza iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1967, vipindi 17. Patrick McGoohan anaigiza mtu wa idara ya siri aliyejiuzulu kazi, akatekwa na kuamkia mahali panapoitwa Kijiji, ambako hakuna mwenye jina. Kila mtu ni namba. Picha za nje zilipigwa Portmeirion, Wales, kwenye majengo ya rangirangi ya msanifu Clough Williams-Ellis, na za ndani studio, Borehamwood. Mahali penyewe panapendeza kama hoteli ya mapumziko. Sasa utaonyeshaje kwamba hoteli hii ni gereza?

Walitumia herufi. Vibao vya njia, ramani, gazeti la Kijiji, hata lebo za makopo ya chakula dukani, vyote vimeandikwa kwa mwandiko mmoja uliotokana na Albertus. Albertus ilichorwa na Berthold Wolpe kwa ajili ya Monotype, kampuni ya herufi za uchapaji, kati ya 1932 na 1940. Wolpe alikuwa Myahudi wa Ujerumani aliyehamia Uingereza mwaka 1935, na umbo la herufi hizo lilitokana na maandishi aliyokuwa akiyachonga kwenye shaba. Ni herufi za heshima, za jalada la kitabu kizuri na bamba la kumbukumbu. Hazina harufu ya anga hata kidogo. Waliotengeneza tamthilia waliigusa kidogo tu: i ikanyang'anywa nukta yake, na e ikabadilishwa umbo. Mtazamaji hajui kilichobadilika, lakini anahisi kwamba kuna kitu hakiko sawa.

Kinachotisha si herufi zenyewe, ni ukaidi wake. Mkono ulioandika ramani ndio ulioandika kopo la chakula, kwa hiyo mkono huo uko jikoni kwako pia. Nembo nayo ni ya kejeli: baiskeli ya kizamani yenye gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma. Beji ya kila mkazi ina picha hiyo, na namba yake imekaa ndani ya gurudumu kubwa. Namba 6, yaani mhusika wa McGoohan, anakataa kuivaa, na kwa kukataa huko peke yake tunamjua ni mtu wa namna gani, hata kabla hajafungua mdomo.

Kwa hiyo zoezi lako la kwanza: tafuta herufi moja isiyo ya anga kabisa inayolingana na tabia ya mwenye mahali. Ukiipata, nusu ya kazi imekwisha.

Hatua ya pili: chagua mwandiko, na uwe mmoja

Kama bado unataka sura ile ya anga inayotambulika, chanzo chake ni kiwanda cha herufi cha Nebiolo, Turin, Italia. Mwaka 1952 Alessandro Butti na Aldo Novarese walitoa Microgramma: herufi pana, za mraba uliolainishwa pembe, mfano wa kioo cha televisheni ya zamani. Ilikuwa na herufi kubwa tu. Mwaka 1962 Novarese akatoa Eurostile, yenye herufi ndogo pia. Fonti hizi mbili zilitapakaa kwenye vyombo vya anga vya sinema na televisheni kiasi kwamba leo macho yanazisoma kama "siku zijazo" bila kuuliza. Eurostile ni ya kununua. Ukitaka ya bure, Michroma iliyoko Google Fonts imetokana na wazo la Microgramma na leseni yake inaruhusu kazi za biashara.

Hapa Kiswahili kinaleta tatizo ambalo wabunifu wa Hollywood hawakukutana nalo. Herufi hizi ni pana, na maneno yetu ni marefu. Kwao njia ya dharura ni neno fupi moja. Kwetu ni NJIA YA DHARURA, na katika Michroma maneno hayo yanakula upana wa mlango na kubaki. M na W, ambazo hatuwezi kuziepuka, ndizo pana kuliko zote. Usizibane herufi kwa kuzivuta kwenye kompyuta. Mistari ya wima itakuwa myembamba na ya mlalo itabaki minene, na uhuni huo unaonekana mbali. Una njia tatu: gawa maneno katika mistari miwili inayoanzia kushoto, punguza maneno mpaka libaki moja (DHARURA inatosha), au hamishia kazi kwenye namba, nitakavyoeleza hapa chini.

Kuna fonti nyingine ambayo itakuvutia nami nakuomba ujizuie nayo: zile herufi za "kompyuta" zenye manundu mazito yasiyotarajiwa. Asili yake ni namba za wino wa sumaku zilizobuniwa miaka ya 1950 kwa ajili ya mashine za benki za Marekani kusoma hundi. Mfumo ule una alama 14 tu, tarakimu kumi na ishara nne, na bado uko chini ya hundi nyingi mpaka leo. Haukuwa na A wala B. Wachoraji ndio waliobuni alfabeti nzima kwa kuiga manundu hayo, kama Leo Maggs alivyofanya na fonti ya Westminster na Bob Newman na ile ya Data 70. Zitumie kwenye mashine pekee, na kwa nadra. Binadamu hawezi kuelekezwa chooni na herufi za hundi.

Hatua ya tatu: andika maandishi yenyewe

Watu wengi hutumia wiki nzima kuchagua fonti na dakika tano kuandika maneno. Geuza uwiano huo.

Anza na namba. Matt Jefferies, msanifu wa sanaa wa Star Trek, tamthilia ya anga ya Marekani (1966 hadi 1969), alikuwa rubani, na alipotaka kukiandikisha chombo Enterprise alifikiria kama mtu wa ndege. Ndege za kiraia za Marekani zamani zilianza na herufi NC. Yeye akaongeza C moja, akapata NCC-1701. Tarakimu hizo hazikuchaguliwa kwa bahati nasibu: alikwepa 3, 6, 8 na 9 kwa sababu kwa mbali zinachanganyika. Fanya hivyohivyo kwa kila namba itakayosomwa na kamera. Angalia pia I na 1, O na 0.

Kisha tengeneza kanuni moja ya namba na uifuate mahali pote. Kwa mfano, NGAZI 4, K-12: ngazi ya nne, korido, mlango wa kumi na mbili. Mtazamaji hatahesabu milango, lakini atahisi kwamba nyuma ya ukuta kuna milango mingine. Shule nzuri ya jambo hili ni kontena la meli. Nenda mahali zinapopangwa, Dar es Salaam au Mombasa hazikosekani, usome mlango wa moja: herufi nne ambazo ya mwisho kwa kawaida ni U, tarakimu sita, na tarakimu moja ya kuhakiki ndani ya kisanduku. Chini yake kuna uzito na ujazo kwa maandishi madogo zaidi. Hakuna pambo hata moja, na huwezi kutilia shaka hata mstari mmoja.

Maandishi madogo yasiyosomeka nayo yaandike kwa dhati. Usiweke herufi za kubahatisha, maana siku hizi mtazamaji anaweza kusimamisha picha na kuivuta karibu. Mafundi wa Star Trek walikuwa na utani wao hapa: mabomba ya seti yaliandikwa GNDN, kifupisho cha Kiingereza chenye maana kwamba bomba hilo haliendi popote wala halifanyi kitu. Utani wa namna hiyo unaruhusiwa, ilimradi umeandikwa kwa mwandiko uleule wa kibao cha kweli.

Vitenzi vya kukataza ndivyo vinavyofaa zaidi kwa Kiswahili cha ukutani: USIGUSE, USIFUNGUE, USIVUKE. Neno moja, amri kamili.

Hatua ya nne: pima kwa macho ya kamera

The Prisoner ilipigwa kwa rangi, lakini ITV, televisheni ya Uingereza iliyoionyesha, haikuanza kurusha rangi mpaka Novemba 1969. Watazamaji wake wa kwanza wa Uingereza waliona kijivu, kwenye televisheni ambazo picha yake ilichorwa kwa mistari 405 tu. Herufi zilipaswa kufanya kazi bila msaada wa rangi, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya vibao vya enzi ile kuonekana na nguvu.

Chapisha kibao kwenye karatasi ya kawaida kwa ukubwa wake kamili, kibandike kwa tepu, piga picha kutoka pale kamera itakaposimama, kisha igeuze picha kuwa nyeusi na nyeupe. Kama maandishi yamezama kwenye ukuta, badilisha weusi au weupe wake, siyo rangi. Nyekundu juu ya kijani iliyokolea ndiyo inayodanganya watu zaidi: kwa rangi inapiga kelele, kwa kijivu inatoweka. Kwa maneno yanayotakiwa kusomwa, mimi huhakikisha kimo cha herufi hakipungui sehemu moja ya ishirini ya kimo cha picha. Ya mapambo yanaweza kushuka chini ya hapo.

Hatua ya tano: kata, bandika

Ukuta kwanza. Plaiwudi isiyopigwa msasa itaonyesha nyuzi zake kupitia stika, kwa hiyo ziba kwa puti, piga msasa, paka rangi ya mafuta isiyong'aa sana, uiache ikauke siku kadhaa. Rangi ya maji ya bei nafuu inaacha unga, na stika haishiki kwenye unga.

Dukani omba stika ya mat. Inayong'aa itarudisha taa kwenye lenzi na neno litapotea mwigizaji akigeuka tu. Peleka faili la SVG au PDF lenye herufi zilizokwisha kugeuzwa kuwa michoro, la sivyo kompyuta ya dukani itaweka fonti yake yenyewe na utakabidhiwa Arial.

Kubandika ni kazi ya utulivu. Chora mstari mwembamba wa penseli kwa pimamaji, maana jicho haliaminiki kwenye ukuta uliopinda. Futa vumbi. Weka stika ikiwa na karatasi yake ya kuhamishia juu, ishike kwa tepu katikati, wima, kama bawaba. Kunja nusu ya kulia, menya karatasi ya nyuma, ikate, kisha lalisha stika polepole ukisukuma hewa kutoka katikati kwenda nje kwa ukingo wa kadi ya plastiki. Rudia kushoto. Karatasi ya juu ivute kwa kuilaza karibu kabisa na ukuta, usiivute kwa kuja kwako. Ukiivuta hivyo, herufi nyembamba zitanyanyuka nayo. Povu likibaki, litoboe kwa sindano.

Kama huna duka la stika karibu, kata stensili ya karatasi ngumu na upake kwa sponji iliyokaribia kuwa kavu. Herufi za stensili, zenye vidaraja vyake vidogo vinavyoshikilia sehemu za ndani za herufi, zinafaa kwenye masanduku, mitungi na milango ya mizigo. Kwenye chumba cha kuongozea chombo zinaonekana za kivita mno.

Hatua ya sita: beji na sare

Beji nzuri inatambulika hata ikiwa kivuli tu. Ichore nyeusi tupu, ipunguze mpaka upana wa sentimita moja, utazame. Ikigeuka doa, rudi mezani. Ile ya Star Trek, mshale uliopinda unaoelekea juu, inafaulu mtihani huo kirahisi, na ndani yake kuna alama ndogo inayotaja idara: nyota iliyorefushwa kwa uongozi, duara kwa sayansi, msokoto kwa uhandisi na shughuli za chombo. Uhura, afisa wa mawasiliano wa Enterprise, ambaye jina lake limetokana na uhuru wetu huu wa Kiswahili na ambaye kwenye vipindi viwili vitatu alisikika akiongea Kiswahili, alivaa msokoto.

Mfumo huo nao uliwaponyoka. Wageni kutoka vyombo vingine walitokea na beji za maumbo mengine, mpaka Desemba 1967 mtayarishaji Robert Justman akamwandikia mbunifu wa mavazi William Theiss kumkumbusha nani avae nini. Usingoje ufike huko. Tengeneza ukurasa mmoja wenye kila beji, kila cheo na jina la mwigizaji anayeivaa, uubandike mlangoni mwa chumba cha mavazi.

Rangi za idara zina njia nyingi. Thunderbirds (1965), tamthilia ya vikaragosi ya Uingereza, ilitofautisha ndugu watano wa Tracy kwa rangi ya mkanda wa begani, jambo la lazima pale wahusika wako wote ni vikaragosi waliovaa bluu ileile. Space: 1999 (1975), tamthilia nyingine ya anga, ndiyo ninayoipenda zaidi: mbunifu wa mitindo Rudi Gernreich aliwavisha wote sare ya rangi hafifu, kisha akapaka rangi mkono mmoja tu, wa kushoto. Kamanda mweusi, daktari mweupe, rubani chungwa, mlinzi zambarau. Ni nafuu kushona, inaonekana hata mtu akiwa amekaa, na hakuna anayehitaji kueleza chochote.

Kitambaa kipime chini ya taa zako kabla ya kununua jora zima. Fulana za uongozi za Star Trek, ambazo dunia nzima inazijua kama za dhahabu, zilikuwa za kijani kibichi chenye umanjano. Taa na filamu ndizo zilizozigeuza.

Kwa beji yenyewe, fundi anayedarizi nembo za sweta za shule anaweza kazi hii kuliko mtu yeyote. Mpe mchoro wa rangi mbili, tatu zikizidi, upana wa sentimita sita hivi, bila mstari mwembamba kuliko milimita moja na nusu, kwa sababu uzi hauwezi kuukunja. Mwombe adarizi kwenye kipande cha pembeni chenye ukingo mzito, usishonewe moja kwa moja, ili beji ihame kutoka sare hadi sare. Vyeo vioneshe kwa mistari kwenye mkono wa nguo, kama mabaharia.

Mambo mawili ya sheria. Mshale wa Star Trek una wenyewe, kwa hiyo usiutie kwenye kazi ya kuuza. Na sare au nembo inayofanana na ya jeshi au polisi inaweza kukuletea kesi, Tanzania na Kenya pia, hasa ukitoka nayo nje kwenda kununua maji.

Hatua ya saba: paneli zenye mwanga

Star Trek iliporudi kwenye televisheni mwaka 1987, Michael Okuda aliacha vitufe na kuweka mabamba meusi laini yenye herufi nyembamba ndefu na vipande vya rangi vilivyomulikwa kwa nyuma. Sababu kubwa ilikuwa bajeti, na kwako pia inafaa kwa sababu hiyohiyo. Chapisha mchoro wako, weusi ukiwa mzito kabisa, kwenye plastiki angavu. Nyuma yake weka vipande vya plastiki nyembamba ya rangi, halafu karatasi ya trasingi, halafu taa za LED za mkanda zikiwa sentimita nane hadi kumi nyuma ili nuru itawanyike. Taa zikikaribia mno utaona nukta. Kama weusi unavuja mwanga, chapisha nakala mbili na uzibandike moja juu ya nyingine. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo piga kwa fremu 25 kwa sekunde na shata ya sekunde 1/50, la sivyo paneli inaweza kupepesa kwenye picha. Herufi pana zinakula nafasi hapa. Hii ndiyo sehemu ya kutumia fonti nyembamba, na maneno yetu marefu yatakaa vizuri.

Hatua ya nane: chafua

Derek Meddings, aliyesimamia vimodeli vya Thunderbirds, alivipaka masizi na uchafu ili vionekane vimefanya kazi, na ndiyo maana bado vinatazamika. Chukua rangi ya kahawia iliyozimuliwa sana, ipitishe kwa kitambaa pembezoni mwa vibao na pale mikono inaposhika, kisha uifute kabla haijakauka. Kwaruza stika moja kati ya nne au tano, tena karibu na kitasa, siyo katikati ya ukuta ambako hakuna anayepita.

Ukimaliza, piga picha kila kibao kikiwa mahali pake na uhifadhi mafaili yote kwa majina ya namba zako za milango. Kata nakala ya ziada ya vibao vya milango inayofunguliwa mara kwa mara na uzifungie kwenye bahasha, kwa sababu tukio litakalorudiwa kupigwa wiki ijayo litakuwa lile ambalo stika yake imechanika.